Namba ya Siri

Ujumbe uliingia asubuhi
nikichambua michembe, naitupa iliyotobolewa na dumuzi.
Simu ya Kashindye ikatetemeka juu ya kinu.
Haikuwa imetetemeka tangu tumzike.

Ndugu KASHINDYE MIHAMBO, umepokea
shilingi laki moja na themanini elfu,
fedha ya pole kwa wakulima wa tumbaku.

Pole wamempa yeye,
aliyekwisha kupoa miezi minne
chini ya mtundu, nyuma ya bani.

Mwaka ule wanunuzi hawakuja.
Tuliambiwa ndege zimelala, mipaka imefungwa,
dunia nzima inakohoa.
Marobota yetu kumi na moja yalikuwa ghala la chama,
daraja la kwanza, rangi ya chungwa,
na kila wiki tulikwenda kuyachungulia dirishani
kama mgonjwa asiyeruhusiwa wageni.
Chama kilisema subirini.
Mkopo wa mbolea haukusubiri.
Kashindye naye hakusubiri:
alianza kukohoa Jumatano, watu wakasema ni moshi wa bani,
miaka thelathini ya moshi,
nami nikakubali ni moshi,
maana moshi hauzuii watu kuja msibani.

Nikaenda kwa wakala, Usoke, ng'ambo ya reli.
Nkwabi keshachukua zake, ananuka pombe saa nne asubuhi.
Mama Sizya anahesabu noti kwa kidole chenye mate,
na ndoo ya kunawia ipo pale pale mlangoni,
koki imeng'oka, kuku wanainywea.
Kijana akasema: Weka namba ya siri, mama.

Siri.
Miaka thelathini na mmoja kitanda kimoja,
najua jino lililomuuma mvua ikikaribia,
najua anamdai nani na anamkwepa nani,
tarakimu nne sizijui.

Nikaweka mwaka aliozaliwa. Siyo.
Nikaweka mwaka tuliooana. Siyo.
(Hilo liliniuma kidogo, sitaficha.)
Kijana akanishika mkono: Imebaki moja.
Ukikosea, inafunga. Kaa kwanza, ufikiri.

Nikakaa juu ya gunia la chumvi.
Treni ya mizigo ikapita kwenda Kigoma,
ndefu, haina haraka,
na vidole vyangu vikaanza kushona hewa.
Ndivyo vilivyo, vikikosa kazi hushona:
sindano ya gunia, kamba ya katani,
kisha lebo, robota baada ya robota,
msimu baada ya msimu,
sifuri, nne, moja, saba.
Namba ya uanachama.
Jina lake, mwandiko wangu,
kwani herufi zilimshinda, marehemu,
na nne yake ilitazama nyuma.

Nikabonyeza.
Simu ikafikiri.
Ikakubali.

Jioni karani wa chama akaja kunipa pole,
daftari kwapani.
Akanywa uji wangu, akasifu uji wangu,
akasema: Unajua, mama, deni halifi.
Nikamwambia: Basi andika jina la asiyekufa.
Hapo, namba mia nne kumi na saba,
andika Milembe.
Na msimu ujao mbolea nitasaini mwenyewe.
Akatafuta kalamu mifuko yote mitatu,
ya nne ilikuwa sikioni mwake,
nami sikumwambia.

Nusu ilikwenda kwenye deni.
Doto kapata viatu, vinambana, anasema havimbani.
Iliyobaki niliifunga kwenye kitambaa,
na mahali nilipokiweka hapaandikwi.

Ndani ya simu nimeacha mia tano.
Wanasema laini isiyotumika hukatwa,
kwa hiyo kila Jumamosi, michembe ikichemka,
naibonyeza, najipigia.
Kisimu changu kinawaka: Kashindye.
Naiacha iite mara mbili.
Sipokei.
Salio lisije likaisha.